Mtoto yuko sekondari lakini anasoma chuo: maelezo kwa mzazi aliyeko Marekani

Katika mwaka wa masomo wa 2022–23, wanafunzi wa sekondari karibu milioni 2.5 nchini Marekani walisoma angalau somo moja la chuo. Hawakuwa wamemaliza shule. Walikuwa na miaka 16 au 17, wengine pungufu ya hapo, na wengi wao bado walipanda basi la njano la shule kila asubuhi. Katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano ni mtoto wa sekondari.

Ada mara nyingi hulipwa na jimbo au na wilaya ya shule. Kijana aliyepangiwa vizuri anaweza kumaliza sekondari akiwa na mwaka mzima wa chuo mkononi, na wachache humaliza wakiwa tayari na shahada ya miaka miwili, inayokaribiana na stashahada tunayoijua Tanzania. Kwa familia iliyotoka Uvira, Kigoma au Mombasa na leo inaishi Columbus, Louisville au Minneapolis, hili si jambo dogo. Gharama ya chuo Marekani inawanyima wazazi usingizi, na hapa kuna sehemu ya gharama hiyo ambayo sheria imeiondoa.

Kinachonisikitisha ni kwamba familia zetu ndizo zinazochelewa kupata habari. Nyingine huambiwa mtoto akiwa mwaka wa mwisho, tarehe ya kujiandikisha imekwisha kupita. Nyingine huingia kwa furaha bila kuelezwa kwamba alama anayopata mtoto wa miaka 16 katika somo la chuo haifutiki, na inaweza kumkuta tena akiwa na miaka 22 anaomba nafasi ya kusomea udaktari. Mambo haya mawili, kuikosa nafasi na kuitumia vibaya, yanatokana na kutoelewa mfumo unavyofanya kazi. Kwa hiyo tuuangalie.

Krediti ni nini, na kwa nini inahesabiwa mara mbili

Nyumbani tumezoea lango moja. Tanzania unafanya mtihani wa kidato cha sita, unasubiri matokeo ya NECTA, ndipo unaomba chuo. Kenya vizazi kadhaa vimepitia KCSE. Kongo kuna Examen d'État. Anayetaka stashahada baada ya kidato cha nne anaweza kuipata, ila anaiaga sekondari na kuhamia chuoni. Huwezi kuwa pande zote mbili.

Marekani haina mtihani mmoja wa taifa unaokupitisha kutoka shule kwenda chuo. Kila somo unalofaulu linakupa krediti, na krediti zikifika idadi fulani unapewa cheti. Somo la kawaida la chuo lina krediti 3 kwa muhula wa wiki kama 15. Shahada ya miaka miwili ni krediti 60 hivi, shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi. Kwa hiyo kijana aliyefaulu masomo manne ya chuo kabla ya kumaliza sekondari ana krediti 12, sehemu moja ya kumi ya shahada ya kwanza.

Utaratibu ambao makaratasi ya shule huuita dual enrollment au dual credit ni huu: somo moja linahesabiwa sehemu mbili. Kijana anasoma insha ya Kiingereza ya mwaka wa kwanza wa chuo; shule yake inalihesabu kama somo la Kiingereza la darasa la 12, na chuo kinampa krediti 3. Jimboni Washington kanuni imewekwa wazi: krediti 5 za chuo katika mfumo wao wa robo mwaka ni sawa na krediti 1 ya sekondari, yaani mtoto humaliza kwa wiki chache kitu ambacho shuleni kingemchukua mwaka mzima. Ndiyo maana kasi ya masomo haya huwashangaza.

Wazo lenyewe si jipya, na chimbuko lake linafundisha kitu. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Syracuse, New York, kilianzisha mpango wa kupeleka masomo yake katika shule za sekondari za jirani, kwa sababu wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamemaliza masomo ya lazima na kukaa bila kazi ya maana. Hao walikuwa watoto waliofaulu. Mwaka 1974, mtaani Queens katika Jiji la New York, ikafunguliwa shule ya sekondari ndani ya Chuo cha Jamii cha LaGuardia. Hiyo iliwekwa kwa watoto ambao walimu walihofia wataacha shule. Aliyeibuni, Janet Lieberman, aliamini kwamba kijana anayeonekana kushindwa sekondari anaweza kuamka akiwekwa mahali anapochukuliwa kama mtu mzima. Tangu mwanzo, basi, mpango huu ulikuwa na watu wa aina mbili, na haujawahi kuwa wa vipaji pekee. Mzazi ambaye mtoto wake ameshaambiwa kwamba haya ni ya wale wenye akili nyingi sana anapaswa kulijua hilo.

Mwaka 1985, chini ya Gavana Rudy Perpich, Minnesota likawa jimbo la kwanza kupitisha sheria inayompa mwanafunzi wa sekondari haki ya kwenda kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Majimbo mengine yakafuata, kila moja kwa njia yake, na mkanganyiko wa leo umetokana na hapo.

Sura tatu za mpango mmoja

Wazazi wawili wanaweza kuzungumza nusu saa kanisani au msikitini juu ya masomo ya chuo ya watoto wao wasijue kwamba wanazungumzia vitu tofauti.

Sura ya kwanza, ambayo imeenea sana, ni somo la chuo linalofundishwa palepale shuleni na mwalimu wa sekondari aliyeidhinishwa na chuo. Mtoto habadilishi jengo. Usafiri si tatizo, na mwalimu anamjua. Sura ya pili ni mtoto kwenda mwenyewe chuoni, au kusoma kwa mtandao, akiwa darasa moja na watu wazima, wengine wenye umri wa mama yake. Sura ya tatu ni shule nzima iliyojengwa juu ya wazo hili: mtoto anaingia darasa la 9, na ratiba yote imepangwa ili amalize akiwa na diploma ya sekondari pamoja na krediti nyingi za chuo, hata 60. Texas ina shule nyingi za namna hii, na New York ilianzisha aina yenye miaka sita iitwayo P-TECH, Brooklyn, mwaka 2011, kwa kushirikiana na kampuni ya IBM.

Kati ya hizo tatu, ya mwisho ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Taasisi ya American Institutes for Research ilifuatilia shule ambazo waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa sababu waliopata na waliokosa walikuwa watoto wa aina moja, tofauti iliyoonekana baadaye haiwezi kusingiziwa bidii au kipato cha wazazi. Waliopata nafasi walifika chuo na kutunukiwa shahada kwa wingi zaidi. Kama kuna shule ya aina hiyo karibu nawe na mtoto yuko darasa la 8, tafuta fomu leo. Ukingoja hadi darasa la 10, mara nyingi umechelewa.

AP, yaani Advanced Placement, ni kitu kingine. Ni somo la sekondari lenye ugumu wa chuo, na linaisha kwa mtihani wa mwezi Mei wenye alama 1 hadi 5. Krediti hutegemea mtihani huo mmoja, na chuo atakachokwenda mtoto ndicho kinachoamua kikubali alama 3, 4 au 5. Akifanya vibaya, anaweza kutoituma alama hiyo kokote. Katika somo la chuo, alama hujengwa muhula mzima, haina maficho, lakini pia haitegemei asubuhi moja ya mtihani. Kwa kijana ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, anayesoma taratibu na kuandika upya hadi insha ikae sawa, njia hii ya pili mara nyingi humtendea haki zaidi.

Kila jimbo na sheria yake

Minnesota mpango unaitwa PSEO. Wanafunzi wa darasa la 11 na 12 wanaruhusiwa kusoma masomo ya kawaida ya chuo. Wa darasa la 10 huanza na somo la ufundi, wakifanya vizuri wanaruhusiwa kuongeza. Ada hailipwi, na vitabu havilipwi. Familia ya kipato cha chini inaweza kuomba kurudishiwa gharama ya usafiri wa kwenda chuoni, haki ambayo wengi hawaidai kwa sababu hawajaisikia. Shule inapaswa kujulishwa kufikia tarehe 30 Oktoba au 30 Mei kwa masomo ya muhula unaofuata.

Ohio mpango ni College Credit Plus, na unaanzia mbali: tangu darasa la 7. Barua ya kuonyesha nia hupelekwa shuleni kufikia tarehe 1 Aprili. Katika vyuo vya umma mzazi halipi ada wala vitabu. Kuna ncha moja ya kuiangalia: mtoto akifeli, wilaya ya shule inaruhusiwa kuidai familia gharama ya somo lile, ingawa sheria inazilinda kwa sehemu kubwa familia zenye kipato cha chini. Tena anayeshusha GPA yake ya chuo, yaani wastani wa alama zake, chini ya 2.0, au anayejitoa katika masomo mawili ndani ya muhula mmoja, huwekwa chini ya uangalizi.

Washington wana Running Start, kwa darasa la 11 na 12. Ada imeondolewa, lakini vitabu, baadhi ya tozo na nauli ni juu ya familia, isipokuwa uombe nafuu. Mzazi aliyesikia neno "bure" kisha akakutana na bili ya vitabu vya kemia huona amedanganywa. Nafuu ipo kwa wenye kipato cha chini, lakini huombwa, haiji yenyewe.

Texas, kwa sheria ya mwaka 2023, iliunda mpango wa FAST unaoondoa ada ya masomo haya kwa watoto wanaostahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, katika vyuo vilivyojiunga na mpango huo. Watoto wengi wa wakimbizi wa Kongo walioko Dallas, Fort Worth na Houston wanaingia humo moja kwa moja. Shule ikikutumia bili, uliza kwanza kama chuo husika kimejiunga.

Alama isiyofutika

Hapa ningemwomba mzazi asome bila haraka.

Sekondari mwalimu hukumbusha. Anatuma ujumbe, anaongeza siku za kukabidhi kazi, anampa mtoto nafasi ya kurudia jaribio. Chuoni siku ya kwanza mwanafunzi hupewa silabasi, na silabasi hiyo ndiyo mkataba: tarehe zote za muhula zimo, uzito wa kila kazi umo, na adhabu ya kuchelewa imo. Alama ya mwisho inaweza kutegemea mitihani miwili na insha moja. Kanuni ya vyuo ni kwamba kila saa ya darasani inahitaji saa mbili za kujisomea nje, kwa hiyo somo la krediti 3 ni takriban saa tisa kwa wiki. Masomo mawili ni saa 18. Sasa ongeza kijana ambaye jioni anawalea wadogo zake kwa sababu mama yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na baba yuko ghalani hadi usiku wa manane. Kijana huyo hana tatizo la akili. Ana tatizo la saa.

Akielemewa kuna njia ya kutoka, ila ina milango yenye tarehe. Siku za mwanzo za muhula anaweza kuliacha somo bila alama yoyote kubaki. Baada ya hapo akijitoa, transkripti yake ya chuo, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, itaandikwa W. Mlango huo nao ukifungwa, alama atakayopata ndiyo hiyo. Watoto wengi huacha kuhudhuria kimyakimya wakidhani jina lao litafutwa. Halifutwi. Linabaki hadi mwisho wa muhula, kisha linakuja F.

Na hiyo F ina safari ndefu. Mfumo wa AMCAS, unaopokea maombi ya sehemu kubwa ya vyuo vya udaktari Marekani, hutaka transkripti ya kila chuo ambacho mwombaji amewahi kusoma, masomo ya enzi za sekondari yakiwemo, na alama zile huingia katika hesabu ya GPA. LSAC, inayohusika na vyuo vya sheria, nayo huzihesabu. Ninajua ni wazazi wangapi wa kwetu wanaomwita mtoto wao "daktari" tangu akiwa darasa la 5. Daktari huyo anaanza kuandikwa siku ile ya somo la kwanza la chuo, hata kama ana miaka 15.

Kuna upande wa pesa ambao washauri wengi husahau kuutaja. Msaada wa Pell, ule wa serikali kuu usiorudishwa, hautolewi kwa mtoto ambaye bado yuko sekondari. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliruhusu jaribio katika vyuo vichache, lakini kanuni ya kawaida ndiyo hiyo. Atakapomaliza shule na kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa pesa za chuo, chuo kitaangalia kama anaendelea vizuri kitaaluma. Vyuo vingi hutaka awe amefaulu walau asilimia 67 ya krediti zote alizojaribu, pamoja na GPA wanayoitaka. Chukua kijana aliyesoma masomo manne katika chuo cha jamii cha mjini kwao akiwa sekondari: mawili akafaulu, moja akapata F, moja akajitoa kwa W. Amefaulu asilimia 50. Akiamua kujiunga na chuo hichohicho baada ya shule, anaanza siku ya kwanza akiwa chini ya kiwango, na huenda akalazimika kuandika barua ya kujieleza ili msaada wake usikatwe. Hakuna aliyemwambia hayo alipokuwa na miaka 16.

Sisemi haya ili kumtia mzazi hofu akaufunga mlango. Nasema ili mtoto aanze na somo moja. Somo moja, muhula mmoja, analolipenda au analolimudu, kisha familia itazame imekwendaje. Anayepata A au B katika somo moja anaweza kuongeza la pili. Shule nyingine husukuma watoto wachukue manne kwa mpigo kwa sababu takwimu zinapendeza. Mzazi ana haki ya kukataa.

Krediti zinazokubalika na zinazosaidia

Chuo kilichotoa krediti hakina uwezo wa kukilazimisha chuo kingine kizipokee. Ndani ya jimbo, katika vyuo vya umma, mambo kwa kawaida huwa mazuri. Texas ina masomo ya msingi ya krediti 42 ambayo vyuo vya umma vinatambuana. Florida inatumia namba zinazofanana za masomo katika vyuo vyake vya umma, ili somo lenye namba ileile likubalike popote. Mtoto anayepanga kubaki jimboni ana uhakika wa kutosha.

Vyuo binafsi vinavyochagua sana ni hadithi nyingine. Vingi hukataa krediti zilizotumika pia kumaliza sekondari, au masomo yaliyofundishwa ndani ya shule na mwalimu wa shule. Hapo somo halijapotea lote, kwa maana linamsaidia mtoto kuonekana mzito wakati wa kuomba nafasi, lakini halitampunguzia hata siku moja ya ada.

Kisha kuna mtego ambao naona ndio unaowanasa wengi zaidi: krediti zinakubaliwa lakini hazisaidii. Chuo kinasema ndiyo, tumepokea krediti zako 24, lakini 15 kati ya hizo zimeingia kama masomo ya hiari ambayo shahada ya uhandisi haina nafasi nayo. Kijana anayetaka uhandisi anahitaji kalkulasi. Aljebra ya chuo haimsogezi. Anayetaka uuguzi anafaidika na takwimu, saikolojia ya mwanzo na insha ya Kiingereza, na hapo kuna jambo la kuangaliwa: programu nyingi za uuguzi huweka ukomo wa miaka kwa masomo ya sayansi kama anatomia na fiziolojia. Akiyasoma akiwa na miaka 16 na kuingia uuguzi akiwa na 23, huenda akaambiwa ayarudie. Insha haiozi hivyo.

Swali la kumuuliza mshauri si "je, krediti hizi zinahama?" Atajibu ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Swali ni hili: katika chuo fulani, kwa shahada fulani, somo hili linachukua nafasi ya somo gani? Jibu liandikwe kwenye barua pepe.

Wazazi pia huuliza kama mtoto mwenye krediti nyingi atahesabiwa amehamia kutoka chuo kingine na hivyo kukosa ufadhili wa wanafunzi wapya. Vyuo vingi humhesabu kuwa wa mwaka wa kwanza ilimradi krediti zote alizipata kabla ya kumaliza sekondari. Hatari hutokea pale anaposoma muhula mmoja zaidi baada ya kumaliza shule. Ni vizuri kuuliza kabla ya kiangazi kile.

Niongeze jambo moja linalowahusu wasemaji wa Kiswahili kwa jina. Minnesota, kijana akithibitisha kwa mtihani kwamba anaimudu lugha nyingine pamoja na Kiingereza, hupewa muhuri wa lugha mbili, na vyuo vya mfumo wa Minnesota State humpa krediti za lugha kwa huo. Kiswahili kina mtihani wake wa kuzungumza chini ya ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni. Kuna watoto wanaolipia masomo ya Kihispania chuoni huku Kiswahili cha nyumbani kingewapa krediti.

Mzazi yuko wapi katika haya yote?

Sheria ya FERPA inalinda kumbukumbu za mwanafunzi. Sekondari haki hizo ni za mzazi. Mtoto akisajiliwa chuoni, haki za kumbukumbu za chuo zinahamia kwake yeye, hata akiwa na miaka 15. Mama akipiga simu chuoni kuuliza kwa nini binti yake amepata D, anaweza kujibiwa kwamba hawaruhusiwi kumwambia. Chuo kinaruhusiwa kumpa habari mzazi anayemdai mtoto kama tegemezi kwenye kodi, lakini hakilazimiki. Njia rahisi ni kumwomba mtoto asaini fomu ya ruhusa mapema, kwa mazungumzo ya heshima na bila kumtisha. Shule ya sekondari, kwa upande wake, bado inawajibika kwako, na alama za somo lile zitaonekana kwenye kumbukumbu zake.

Mtoto mwenye ulemavu au shida ya kujifunza, aliyewekewa mpango maalumu wa IEP shuleni, asitegemee kwamba mpango huo utamfuata kwenye kampasi. Chuoni ni yeye anayekwenda ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, anapeleka vyeti, anaomba muda wa ziada wa mtihani.

Halafu lugha. Shule za umma zinapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa kikao cha kupanga masomo, na hulipi. Tafadhali usimtumie mtoto huyohuyo kutafsiri kikao kinachojadili alama zake. Hata mtoto mwaminifu atalainisha. Na hata asipolainisha, unamtwisha kazi ya kuwa mzazi wa nyumba. Jua pia lahaja: mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa na mama wa Fizi wanaweza kupishana kwenye maneno ya kitaaluma, hivyo simamisha na uulize upya kila linapokutatiza.

Wapo watoto ninaoshauri wangoje. Kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka 17, akiwa na krediti chache za sekondari, kwanza anahitaji diploma. Mara nyingi anaweza kubaki shuleni hadi miaka 20 au 21 kutegemea jimbo, na muda huo ni mali. Somo la chuo linalofundishwa kwa Kiingereza kizito mwaka wake wa kwanza linaweza kumwachia alama mbaya kabla hajaonyesha uwezo wake. Hata hivyo, kuwa bado kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza si sababu tosha ya kumzuia kila mtoto. Hisabati, uchomeleaji, ufundi wa magari, huduma za afya za ngazi ya mwanzo: humo wapo vijana wanaong'ara huku insha zao zikiwa bado zinajengwa. Kama chuo kinadai mtihani wa kupimwa, Accuplacer au TSI kwa Texas, uliza kama GPA ya shule inaweza kutumika badala yake. Vyuo vingi siku hizi vinakubali.

Katika takwimu za kitaifa, watoto Weusi wako wachache katika masomo haya kuliko idadi yao shuleni. Sehemu ya sababu ni usafiri na pesa za vitabu. Sehemu nyingine ni kwamba mshauri mmoja hubeba mamia ya wanafunzi, na huanza na wale ambao wazazi wao wamekuja kuuliza. Nenda ukaulize. Nenda mwezi wa pili, kabla ratiba za mwaka unaofuata hazijapangwa, na mtoto akiwa darasa la 9 au la 10.

Kazi ya mwisho huja baada ya sherehe ya kumaliza shule. Krediti hukaa katika chuo kilichozitoa. Transkripti ya sekondari inaweza kulitaja somo, lakini chuo kipya hakitalihesabu hadi kipokee transkripti rasmi kutoka chuo kile cha kwanza, na mtoto ndiye anayeiomba, mara nyingi kwa mtandao na kwa ada ndogo. Kama alisoma katika vyuo viwili, anaomba mbili. Chuo kikidai kwamba ana deni la kitabu ambacho hakukirudisha, huenda kikaizuia hadi alipe. Afanye hivyo Juni, alama za muhula wa mwisho zikishaingia, na kabla hajachagua masomo ya Septemba, asije akalipia tena somo alilokwisha kulifaulu.